Nati ya Tano

Shayiri ya Njoro imekwisha kuvunwa,
na juu ya mabua greda limechora yai,
kilomita tatu kulizunguka,
kona zimeinuliwa mabega
gari lisije likapotelea kwenye kabichi za watu.

Magari kumi na saba. Duru arobaini.
Letu ni Datsun ya njano, kongwe kunishinda,
injini ya kuokoteza gereji za Shabab,
mlango wa kushoto tumeununua kwa mjane wa Bahati
aliyekuwa akifungia kuku.
Kwenye boneti kuna jina la Gathogo, muuza mbegu,
aliyetupa tairi mbili na masimango ya mwaka mzima.

Usukani ni wa Jerotich.
Mimi ni mtu wa gurudumu la nyuma, kulia.
Sina kazi nyingine uwanjani:
nati tano, sekunde kumi na moja,
kisha nipige bati kofi, aende.

Asiyezijua mbio hudhani kila gari liko peke yake.
Wapi! La mbele linapasua upepo kama jembe,
la pili linapita kwenye mtaro uleule, halihemi,
na kwa kulifunika mgongo lile la mbele
linalisukuma pasipo kuligusa.
Ndiyo maana mahasimu hufuatana bampa kwa bampa
kama ndugu wanaovuka mto wameshikana mikono,
kila mmoja akijua
ukingo wa ng'ambo utapandwa na mmoja.

Duru ya ishirini na mbili aliingia.
Petroli, maji, tairi. Nilikuwa mwepesi siku hiyo,
hata Ochola wa jeki alinisifu.
Nikapiga bati kofi. Akaenda.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta karanga
nikagusa kitu baridi,
chenye pembe sita.

Ochola alikuwa na ubao na chaki.
Neno moja tu, INGIA, lingetosha.
Lakini Jerotich alikuwa wa pili, amegandana
na Subaru ya buluu ya Jagdev,
na watu wa Kaptembwo walikuwa wamepanda juu ya trekta
wakiimba jina lake.
Nne zinatosha, nikajiambia.
Nne zimeshusha malori ya viazi kutoka Mau Narok.
(Malori ya viazi hayakimbii kilomita mia na themanini.)

Duru ya ishirini na tisa. Thelathini na tatu.
Kila zikipita nasikiliza upande mmoja tu wa dunia.
Vumbi linakuja, linatua kwenye meno,
nami nimeifumbata nati
mpaka pembe zake zimeniandika kiganjani.

Duru ya mwisho, kona ya mwisho,
hapo ndipo wa nyuma huchomoka kwenye kivuli
kwa pumzi aliyoiweka akiba.
Sote tulisimama.
Hakuchomoka.
Aliinua mguu. Akapitwa na mmoja,
akapitwa na wa pili.
Gathogo alitupa kofia chini, akaikanyaga.
Mtangazaji akamwita Jeruto.

Alipoingia, injini ilikuwa ikitatarika kwa joto.
Hakuvua helmeti. Hakumtazama mtu.
Alizunguka hadi nyuma, kulia, akachuchumaa,
akaweka kidole juu ya msumari uliokuwa mtupu.
"Tangu duru ya thelathini linanong'ona," alisema.
"Nilidhani ni injini.
Kisha nikasikia ni upande wako."
Akafungua kiganja.

Nilimpa. Ilikuwa na joto la paja langu.
Upande wa pili walikuwa wakimwagiana soda,
na mtoto mmoja alikuwa akilia, ametaka kuiona Datsun ikishinda.

Alichukua spana, akaanza na zile zilizokuwemo,
akihesabu kwa sauti, polepole, kama mwalimu wa chekechea:
moja, mbili,
tatu, nne.

Akanirudishia nati.
Akaniachia spana.